Taa Niliyoibiwa Mara Mbili

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nilibadilika hapo katikati. Mama yangu kule Tanga akishafunika kopo la unga alikuwa akiweka chelewa moja ya ufagio juu ya kifuniko, na ole wake mtoto atakayekutwa nyumbani siku chelewa imeanguka. Nilikua nikiamini kwamba kila kifuniko kina mtu anayekinyemelea. Mwishoni mwa miaka ya sitini, nilipoolewa na kumfuata mume wangu Stockholm, ndani ya sanduku langu mlikuwa na kanga, msahafu, na kifagio kifupi cha chelewa nilichokizungushia kitambaa. Mume wangu alicheka sana. Akauliza ni nani anayebeba ufagio kwenda Ulaya. Sikumwambia kwamba sikuuleta kwa ajili ya kufagia.

Tulipangishwa Hagsätra, kule reli ya kijani inakoishia, ghorofa ya pili, milango miwili inatazamana na ngazi katikati. Mume wangu alikuwa akisomea ufundi wa umeme na hakuwa nyumbani mchana. Mimi nilipata kazi jikoni, kwenye nyumba ya wazee. Maji ya moto, bomba la ukutani la kutupia taka, chumba cha kufulia kule chini, vyote hivyo nilivizoea kwa wiki moja. Nilichokipenda kuliko vyote ni kile kitundu cha kioo mlangoni. Tanga ukitaka kujua nani kapita, lazima utoke ujifanye unamwaga maji. Hapa unasimama tu kimya na mwiko mkononi, na watu wanapita mbele yako bila kujua kwamba upo.

Mlango wa pili walikaa mtu na mkewe, Wachina. Mume alikuwa mpishi kwenye mkahawa mjini. Mke alikuwa mwembamba, kanipita kama miaka kumi, na majira yote ya baridi alivaa sweta moja la kijivu lenye mikono mirefu iliyomfunika hadi vidoleni. Kuhusu Wachina nilikuwa nimesikia mema, maana nyumbani walikuwa wakijenga reli na watu waliwasifu kwa kuchapa kazi. Lakini pale Stockholm, sisi Waswahili tulipokutana Jumapili kunywa chai, mazungumzo yalikuwa ya kutiliana shaka. Nani anamchunguza nani, nani anapeleka habari wapi. Tuliambiwa ukiona mtu anauliza sana, funga mdomo. Kwangu mimi hilo halikuwa jambo la kufundishwa.

Basi huyu jirani alikuwa anauliza sana.

Kabla sijazaa tuliamkiana tu kwenye ngazi. Nilipomleta binti yangu kutoka hospitali, mwanamke huyu akawa kila nikifungua mlango yuko pale. Ananiinulia kigari cha mtoto. Ananishikia mlango wa lifti. Na macho yake hayako kwangu, yako kwa mtoto. Kiswidi chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, yeye na chake, mimi na changu, na kwa hicho kidogo alichonacho aliniuliza maswali ambayo hata mama mkwe wangu hakuniuliza.

Siku moja chumba cha kufulia, mashine inazunguka, akaniuliza, "Mtoto kuzaliwa saa ngapi?"

Nikamwambia sikumbuki. Mwanamke asikumbuke saa aliyozaa!

"Wewe kuolewa, halafu mtoto, muda gani?"

Nikamwambia muda wa kawaida.

"Mtoto mgonjwa? Hapana? Kula vizuri?" Akamshika mtoto mkono, akavihesabu vidole vyake kimoja kimoja mpaka kumi, akatabasamu.

Nilipanda juu na nguo zikiwa zinachuruzika maji. Nilimpaka binti yangu wanja katikati ya paji la uso, kama kwetu mtoto anavyokingwa na kijicho, na tangu siku hiyo sikumtoa nje bila doa lile jeusi. Wauguzi wa kliniki walijaribu kulifuta kwa pamba. Nililipaka tena kwenye lifti.

Rafiki yangu mmoja Mkenya, aliyekuwa akikaa Vällingby, alikuja kunitazama, nami nikamweleza yote. Akauliza, "Huyo mama ako na watoto?"

"Hana."

"Hana hata mmoja? Na ni mtu mzima? Basi dada, mimi sisemi kitu. Lakini mtoto wako usimwachie hata dakika."

Yeye alikuwa mtu wa kanisa na hirizi hakuzitaka hata kuzisikia, lakini aliporudi kwao jioni ile alipita mbele ya mlango wa jirani haraka haraka, mkoba kaukumbatia kifuani.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa imelala mpaka madirishani kwa watu wa chini, jirani aligonga. Alikuwa na bakuli mkono mmoja na taa ya karatasi mkono wa pili. Taa yenyewe ilikuwa nyekundu, ya mviringo, karatasi imenyooshwa juu ya vijiti vyembamba, na chini yake kinaning'inia kipande cha karatasi kilichoandikwa Kichina kwa wino mweusi. Ilikuwa nzuri. Hilo nililiona hata siku ile, nami nikalishuku.

"Ya mtoto," akasema. "Mwaka mpya wetu, siku ya kumi na tano. Sikukuu ya taa. Kesho kutwa. Wewe kutundika mlango. Nje." Akanionyesha kwa kidole. "Si ndani. Nje."

Nikauliza kwa nini nje.

"Nje," akarudia, na mashavu yake yakawa mekundu. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Kesho kutwa, mume wako kazini mpaka saa ngapi?"

Msomaji na ajiweke mahali pangu. Nilimwambia mume wangu atakuwa nyumbani kutwa nzima, na kwamba ana nguvu sana.

Lile bakuli lilikuwa na vidonge vyeupe vya unga wa mchele vinavyoelea kwenye maji ya sukari. Nilipokata kimoja kwa kijiko, ndani mlitoka kitu cheusi kama rojo. Wiki chache nyuma mwanamke huyu aliwahi kuninyooshea kidole kule kufulia na kuniuliza, "Nguruwe?" nami nikadhani ananitukana, nikamgeuzia mgongo. Sasa nikajiambia, hii ndiyo ile nguruwe. Nikavimwaga vyote chooni.

Taa sikuimwaga, kwa sababu mume wangu aliipenda. Mimi nilitaka kuitupa. Tulivutana, tukaishia katikati: itundikwe, tena nje kama alivyosema mwenyewe, maana ndani kwangu haiingii. Mume wangu hakutaka mshumaa. Ubaoni kule chini mtunza nyumba alikuwa amebandika tangazo kwamba ngazini hairuhusiwi moto wala kitu chochote cha kuwaka. Akafunga ndani ya taa balbu ndogo ya tochi na betri yake. Alipokwenda kuoga nilichukua mkasi, nikakikata kile kipande cha maandishi, nikakichoma juu ya sinki huku nikisoma Ayatul Kursiyu. Sikujua kimeandikwa nini. Ndiyo maana nilikichoma.

Siku yenyewe ilipofika nilikuwa peke yangu na mtoto. Kule mwezi wa pili jua linazama mapema, saa kumi na moja nje kulishakuwa giza, na kwenye ngazi taa ile iling'aa nyekundu juu ya msumari. Nilikuwa nakaanga samaki. Nikasikia mlango wa pili unafunguliwa taratibu, taratibu ile ya mtu anayeshika kitasa kwa mikono miwili. Nikaacha samaki nikaenda kwenye kitundu.

Nikauona mkono wa sweta la kijivu. Ukainuka, ukaitoa taa kwenye msumari kwa uangalifu kama mtu anayetoa yai kwenye kiota, ukatoweka.

Sijui niliufunguaje mlango. Ninachojua nilitoka na mwiko, na matusi yaliyonitoka yalikuwa ya Kiswahili kitupu, ya sokoni, yale ambayo mama yangu alinipiga kibao nilipoyatamka nikiwa na miaka saba. Mwizi! Mwizi mkubwa we, huna haya! Unatoa kwa mkono huu unaiba kwa huu! Nikaupiga mlango wao kwa mwiko. Haukufunguliwa. Bibi mmoja Mswidi wa ghorofa ya juu, mjane, akachungulia kutoka ngazini na kuniuliza kuna nini. Nikamwambia nimeibiwa. Akarudi kwake kupiga simu, na baada ya robo saa mtunza nyumba akapanda na shada lake la funguo.

Yeye, jirani alimfungulia. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi, na kutoka pale ngazini niliiona taa yangu. Ilikuwa kitandani, juu ya mto, imefunikwa nusu kwa shali. Mtunza nyumba akamwambia airudishe. Akaenda akaichukua, akaja nayo kwa mikono miwili, kichwa kainamisha, akanikabidhi. Hakulia. Alisema neno moja tu la Kiswidi, la kuomba radhi, na mlango ukafungwa.

Nilifurahi. Sitasema uongo hapa. Niliingia ndani nimenyooka kama mtu aliyeshinda kesi. Samaki walikuwa wameungua, nyumba imejaa moshi, mtoto analia, na mimi nafurahi. Nikaichana ile taa nione ameficha nini ndani yake. Hakukuwa na kitu, ni vijiti na gundi tu na ile betri yetu. Nikaitupa kwenye bomba la taka.

Mume wangu aliporudi nikamsimulia kwa mikono na miguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Mke wangu," akasema, "mwizi gani huyo anayetengeneza kitu, anakuletea, halafu anakiiba?"

"Ndiyo ujue ana jambo."

"Jambo gani?"

Na mimi nikikosa jibu ndiyo hushuku zaidi.

Tangu hapo jirani hakuninyanyulia kigari tena. Alibadilisha zamu yake ya kufua. Tukikutana ngazini alijibana ukutani nipite, macho chini. Nikajiambia dhamiri inamsuta. Kila nilipotoka niliegemeza chelewa moja chini ya mlango wangu, na kila niliporudi niliikuta palepale. Miezi ikapita, theluji ikayeyuka, watu wakatoa viti nje, na chelewa haikuanguka hata siku moja. Mtu mwingine angetulia. Mimi nilisema anajua kuruka chelewa.

Ilikuwa majira ya majani kukauka ndipo nilipokutana na mumewe kwenye treni. Alikuwa anakwenda zamu ya jioni na mimi vilevile, gari tupu, yeye amekaa nami nikasimama. Akaniona, akasogea nikae. Ingekuwa utovu wa adabu kukataa. Nikakaa nimekumbatia mkoba.

Baada ya vituo viwili akauliza, kwa Kiswidi chake cha jikoni, "Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Vizuri." Akatikisa kichwa. "Mke wangu kila siku anauliza kama mtoto mzima. Namwambia mwulize mwenyewe. Anasema hapana, nimemletea fedheha."

"Nani kamletea nani fedheha?" Nilianza kuwaka.

"Yeye kwako. Kukuletea mtu wa funguo mlangoni." Akatazama dirishani, nje kuna miti tu. "Kijijini kwetu, siku ile ya taa, mwanamke asiyepata mtoto anakwenda nyumba yenye mtoto mchanga, mtoto mwenye afya. Anaiba taa ya mlangoni. Anaiweka kitandani kwake. Mtoto wa mwaka unaofuata anafuata ile taa."

Nikamwambia wizi ni wizi.

"Wizi, ndiyo. Lazima wizi. Ukipewa haifai, ukinunua haifai. Mwenye nyumba anajua, mtaa mzima unajua, lakini mtu anajifanya haoni. Akigundua taa haipo, anatoka nje anatukana. Akitukana kwa nguvu ndiyo bahati kubwa."

"Akitukana?"

"Sana. Mpaka wazazi." Akacheka kidogo, peke yake. "Mimi nilimwambia, hapa Sweden utamwibia nani? Hakuna mtu anatundika taa. Akafikiri wiki nzima. Akasema nitatengeneza mimi, nitampa jirani, halafu nitamwibia. Nikasema kwa nini huyu, si uende kwa Mswidi. Akasema Mswidi hatukani, anaandika barua. Huyu nimemsikia akiigombeza mashine ya kufulia."

Treni ikasimama, watu wakaingia, ikaondoka.

"Siku ile ulitukana vizuri sana," akaendelea. "Yuko nyuma ya mlango amekumbatia taa, anafurahi. Anasema kijijini hakuna mwanamke kama huyu. Halafu mtu wa funguo." Akafunga vifungo vya koti lake. "Kurudisha ndiyo vibaya. Taa ikirudi, mtoto anarudi alikotoka."

Nikauliza wamengoja miaka mingapi. Akanionyesha kwa vidole, tisa. Kisha akakunja vyote akabakisha viwili. Mimba mbili zilishika, zote mbili zikatoka, ya pili ikiwa ya miezi mitano, huku huku Stockholm.

"Na ile karatasi ya chini?" nikauliza. "Yale maandishi?"

"Kitendawili. Taa zote zina vitendawili. Mtu apite, asome, ajaribu. Mchezo." Akanitazama. "Na vile vidonge, mlipenda? Alinunua sufuria mpya, atie ufuta na mafuta ya karanga, bila nguruwe. Alikuuliza kwanza, ukakasirika."

Nikamwambia vilikuwa vitamu.

"Na taa? Ipo?"

"Ipo," nikasema. "Nimeitunza."

Nilishuka kituo ambacho si changu. Nilikaa kwenye benchi la jukwaani, treni zikaja zikaenda, na nikalia kwa aibu mpaka mwanamke mmoja akanisogezea leso. Katika yote niliyoyafanya siku ile ya taa, kitu pekee kilichokuwa sawa ni matusi.

Kumwomba radhi kwa mdomo nisingeweza. Kiswidi changu kilitosha kuagiza viazi, si hilo. Na kumpa taa mkononi kusingefaa, mumewe kasema ukipewa haifai. Ilibaki njia moja tu, nayo ilikuwa aniibie tena.

Siku ya kumi na tano haikunipa taabu kuijua. Sisi tunaofunga kwa mwezi tunajua kuuhesabu mwezi. Nilimwuliza mumewe mwaka wao unaanza lini, nikahesabu. Kiunzi nilikipata kwenye kivuli cha taa ya mezani kilichotupwa na bibi wa juu. Karatasi ilikuwa ile nyekundu wanayofungia zawadi za Krismasi, iliyobaki dukani mwezi wa kwanza; upande mmoja ulikuwa na vijibwana vyenye kofia na ndevu, nikaugeuzia ndani. Mume wangu akafunga balbu na betri. Hakuuliza neno, ila nilimwona akichagua betri mpya. Haikuwa ya mviringo kama ile ya kwanza. Ilikuwa imekaa kama boga lililokanyagwa.

Chini yake nikaning'iniza kitendawili. Nilikitunga mwenyewe, nikakiandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: ANA MACHO MAWILI NA LA TATU LA KIOO MLANGONI, NA BADO HAONI. Sikutaraji asome. Jibu lake nilikuwa mimi, na nilitaka liandikwe mahali.

Saa tisa alasiri nikaitundika kwenye msumari uleule. Kisha, kwa kuwa ni mimi, nikaenda kusimama kwenye kitundu.

Saa kumi mlango wa pili ukafunguliwa. Jirani alitoka na mfuko wa taka. Akaiona taa, akasimama. Mfuko ukashuka mpaka sakafuni. Aliitazama kwa muda mrefu, vijibwana vikionekana kwa ndani kwa sababu ya balbu, akanyoosha mkono ule wa sweta la kijivu nusu ya njia. Halafu akashusha macho akanitazama.

Alinitazama hasa, usoni, kupitia kioo. Nikarudi nyuma. Akaokota mfuko wake, akaingia ndani, akafunga.

Hapo ndipo nilipotoka ngazini na kukitazama kitundu changu kwa upande wa nje, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Taa ya ukumbini kwangu ilikuwa inawaka, na kioo kilikuwa kinang'aa kama shanga. Nikamwita binti yangu, ambaye sasa alishatembea, nikauacha mlango wazi nusu, nikamwinua kwa mkono mmoja mpaka kimo cha kitundu kwa ndani na kuchungulia upande wa nje, na kioo kikazimika, kikawa cheusi. Kumbe kila mara. Miaka yote ile, kila nilipobana pumzi na mwiko mkononi nikidhani sionekani, mwanamke yule aliuona mlango wangu ukifumba jicho. Alijua ninamchunguza akienda kutupa taka, akirudi na mboga, na aliporudi kutoka hospitali mikono mitupu.

Mtu anayechungulia namna hiyo huwezi kumwibia. Lazima aondoke.

Nikamvalisha mtoto koti, kofia, mitandio miwili. Nikamshusha ngazi kwa kishindo ambacho jengo zima lilikisikia, nikiimba kwa sauti, nikipiga kigari kwenye kila kona. Chelewa sikuweka. Mlango niliufunga, sikuchanganyikiwa kiasi hicho, lakini chelewa sikuweka, na nilijiona kama nimesahau kuvaa kitu. Tukazunguka uwanja wa maduka pale Hagsätra kwenye theluji. Nilitazama saa ya kituoni. Dakika kumi. Nikaanza kuona kwamba bibi wa juu atateremka aikute taa, amwite mtunza nyumba kwa ajili ya tangazo lake. Dakika ishirini. Nikaona kwamba labda mumewe alinidanganya, labda wanaingia ndani kwangu sasa hivi, labda ni kweli wote walikuwa na jambo. Nawaambia nilivyowaza, hata siku ile. Mwezi ukatoka juu ya paa la kituo, mkubwa, umekamilika, binti yangu akaunyooshea kidole akasema, "Lampa!", yaani taa kwa Kiswidi. Tukangoja mpaka pua zetu zote mbili zilipokuwa nyekundu.

Tulipanda kwa miguu. Kwenye ngazi ya mwisho mtoto alinitangulia, akainua uso juu ya mlango wetu.

"Borta!" akapaza sauti. Haipo.

Msumari ulikuwa mtupu. Hata kitendawili kilikwenda.

Neno la kwanza lililonijia, nasema kweli, lilinijia kwa hasira ya kweli. Moyo wangu ulikuwa bado haujaambiwa. Kisha nikautazama mlango wa pili, na chini yake, kwenye ule mstari mwembamba wa mwanga, nikaona vivuli viwili vya miguu. Alikuwa amesimama pale pale nyuma ya mlango, anangoja.

Nikavuta pumzi.

"Mwizi!" nikapiga kelele, na ngazi zote zikaitika. "Mwizi we, mwana wa mwizi, mjukuu wa mwizi! Huna haya wala hujui kuona soni! Mkono mrefu kama wa nyani! Taa ya mwanangu! Ulale nayo kitandani isikupe usingizi! Ikumulike mpaka ukome! Mungu akujaalie wezi wenzio, uzae wezi, uzae wezi wa kila namna, wakujazie nyumba, wakumalizie unga, wakuvute nywele, wakukoseshe usingizi usiku na mchana, usipate hata mahali pa kukaa!"

Vivuli havikuondoka. Nikamsikia anacheka, au analia. Kwa Kichina sijui kutofautisha, na hata kwa Kiswahili wakati mwingine ni kimoja. Binti yangu alikuwa anapiga makofi. Machozi yalikuwa yananichuruzika mpaka kidevuni na sauti ilikuwa inaanza kukauka.

Bibi wa juu akachungulia kutoka ngazini, mkono kifuani. "Mmeibiwa tena?" akauliza. "Nimpigie mtunza nyumba?"

"Usimpigie," nikamwambia. "Bado sijamaliza kumtukana."

Nikaugeukia mlango wao, nikaanza upya.